Shikamoo ya mpwa wangu

Mpwa wangu alisema "shikamoo" kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano na miezi miwili. Nakumbuka vizuri kwa sababu dada yangu alinipigia simu saa moja asubuhi, nikadhani kuna msiba. "Kasema!" Hakusalimia wala hakusema habari za asubuhi. Kasema nini? "Kamwamkia mzee wa pale bombani. Mwenyewe! Wala sikumkumbusha." Nyuma ya sauti yake nilisikia ndoo zinagongana na wanawake wanapiga vigelegele.

Mgeni angeuliza, mtoto kumwamkia mkubwa nayo ni habari ya kuamshana? Tanga mtoto anafundishwa shikamoo kabla hajajua kandambili ipi ya kulia na ipi ya kushoto. Lakini mpwa wangu ana usonji. Hadi anafika miaka mitatu na nusu alikuwa na maneno manne, na mawili kati ya hayo aliyatoa kwenye tangazo la redio. Ukimwita hageuki. Ukimshika uso ili akutazame, macho yanakimbilia pembeni kama ya mtu anayekwepa jua. Honi ya bodaboda ikilia karibu, anaziba masikio na kujikunja chini hapo hapo alipo, hata kama ni katikati ya njia. Ila pindua baiskeli matairi juu, zungusha gurudumu, atakaa hapo saa nzima ametulia tuli, anatazama jinsi mwanga unavyokatika na kurudi. Baba yake ni fundi baiskeli, na mji wetu ni mji wa baiskeli, kwa hiyo furaha hiyo angalau haina gharama. Jina lake nitaliacha nyumbani kwao. Hakuomba kuandikwa.

Ili mtu aelewe vigelegele vile, lazima aelewe kilichotangulia. Mtaani kwao Ngamiani, salamu ndiyo mtihani wa kwanza anaopewa mtoto, na anayesahihishwa ni mama. Mtoto akipita mbele ya wazee bila kuamkia, hasemwi yeye. Linasemwa tumbo lililomzaa na mikono iliyomlea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Methali hizi tumezisoma shuleni kama hekima, tukazijazia nafasi zilizoachwa wazi kwenye mitihani, tukapata maksi. Dada yangu yeye alizisikia zikisemwa nyuma ya mgongo wake kila alipokwenda kuchota maji. "Kamdekeza." "Kamshinda." Wenye huruma walishauri apelekwe akasomewe, na kweli alipelekwa. Shehe aliyemsomea alikuwa mtu mwadilifu. Baada ya siku tatu alimwita shemeji pembeni akamwambia, huyu mtoto hana jini, msiendelee kupoteza pesa, mpelekeni hospitali. Hospitali ya kwanza wakampima masikio, masikio mazima. Ikapita karibu mwaka, safari za basi kwenda Dar es Salaam, ndipo daktari mmoja akakaa naye sakafuni kwa muda mrefu, kisha akalitaja hilo neno: usonji.

Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa familia, maana yake ndiye mwenye bando la intaneti, nikapewa kazi ya kusoma. Nilichokikuta mwanzoni kilinikasirisha kuliko maneno ya bombani. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza, na makala ile ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa usonji kutambuliwa kama hali inayojitegemea. Aliwatazama watoto wale kwa makini kweli kweli. Lakini pembeni akagusia kwamba wazazi wao wachache sana walikuwa na mapenzi ya dhati. Mbegu ile ikaota. Kufikia mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa profesa mjini Chicago, alikuwa ametoa kitabu kizima kinachoeleza kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu ya mama asiyemtaka. Akina mama wakabandikwa jina, wakaitwa majokofu. Miaka mitatu kabla ya kitabu hicho, Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikwisha kuandika kwamba asili ya hali hii iko mwilini, haiko kwenye malezi. Leo hilo halina ubishi mkubwa. Ubongo wa mtoto hukua hivyo tangu kabla hajazaliwa, na urithi wa vinasaba una sehemu kubwa. Si chanjo, si alichokula mama, si kudekezwa. Lakini ilichukua miaka mingi, na wanawake wengi waliizeeka hatia hiyo bila kosa.

Kwa hiyo profesa wa Chicago na jirani wa Ngamiani walikuwa wanasema jambo moja, tofauti ni kwamba mmoja alilipwa mshahara kwa kulisema. Mtoto asipofanana na wengine, mtafute mama.

Ndiyo maana dada yangu aliishikilia shikamoo. Alikuwa amechoka kusemwa. Kila jioni baada ya magharibi alimkalisha mtoto mkekani, wakatazamana, kwenye kisahani kuna vipande vya kashata. Sema shi. Kipande. Sema shika. Kipande. Kidevu amekishika ili uso usigeuke. Mtoto alilia siku nyingi. Mama yetu, bibi yake mtoto, aliguna pembeni, lakini akaambiwa mchelea mwana kulia hulia yeye, akanyamaza. Ilichukua miezi mitano. Asubuhi ile ya bombani ilikuwa mavuno.

Wiki sita baadaye mtoto akakanyaga msumari kwenye banda la baba yake. Wakampeleka zahanati kusafishwa kidonda na kuchomwa sindano ya pepopunda. Watu wawili walimshika, mmoja mabega, mwingine miguu. Na pale kitandani, machozi yanamtoka, akaanza kupiga kelele: "Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!" Muuguzi alicheka kwa mapenzi. "Marahaba baba! Jamani, mtoto ana adabu huyu!" Wakaendelea kumshika.

Dada yangu alielewa wakiwa ndani ya bajaji kurudi nyumbani. Alinisimulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Miezi mitano mtoto amejifunza kwamba akilitoa neno lile, mtu mzima anatabasamu, anampa kitu kitamu, na, hili ndilo kubwa, anakiachia kidevu chake. Basi kwake yeye shikamoo si salamu. Shikamoo maana yake niachie. Mtoto ambaye hakuwahi kuwa na neno la kuomba msaada alikuwa amelipata moja, akalitumia siku aliyolihitaji kuliko siku zote. Na sisi tukamjibu marahaba.

"Kaka," aliniuliza, "nimemfundisha nini mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo karibu miaka miwili sasa, na ndilo linalonifanya niandike. Tunapomfundisha mtoto kama huyu awe kama sisi, tunamfanyia nani kazi? Yeye, au macho ya watu?

Swali hili si la Ngamiani peke yake. Mwaka 1987, Marekani, Ivar Lovaas alichapisha matokeo ya mafunzo aliyowapa watoto 19 wadogo wenye usonji. Walifundishwa mmoja mmoja, saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Kipande kwa kipande, tuzo kwa tuzo, kama kashata za dada yangu, ila kwa ratiba ya kiwanda. Na palipohitajika, kwa maelezo yake mwenyewe, kulikuwa na "hapana" ya kukaripia na kofi la pajani. Watoto 9 walifika mahali wakamaliza darasa la kwanza la kawaida, na Lovaas akaandika kwamba walimu waliwaona hawatofautiki na wenzao. Wazazi wengi duniani walilisoma hilo kama habari njema, na siwalaumu. Lakini neno hilo, kutotofautika, tulitazame vizuri. Linapima mtoto anavyoonekana kwa anayemtazama. Halisemi lolote kuhusu mtoto anavyojisikia ndani. Mpwa wangu pale bombani hakutofautika na watoto wengine hata kidogo.

Ni rahisi sana kwa mjomba kufika hapa, akaweka kalamu chini na kusema: muacheni mtoto awe alivyo. Nilimwambia dada yangu hivyo. Alinitazama kama anavyomtazama muuza samaki anayemuuzia mzoga.

"Wewe unaandika," akasema. "Mimi ndiye napanda naye daladala. Sasa hivi ana miaka saba, mdogo, mzuri, akichukua embe kwenye meza ya mtu wanacheka. Atakuwa na miaka ishirini. Atakuwa na ndevu. Atachukua embe la mtu, ataulizwa hajibu, ataitwa hageuki. Unajua watu wanamfanyaje mtu wa namna hiyo? Nitakuwa wapi mimi siku hiyo?"

Ninajua watu wanamfanyaje. Sote tunajua. Kelele moja ya mwizi inatosha. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wetu hufunza kwa mawe. Kwa hiyo yule anayemshika mtoto kidevu hana roho mbaya. Anajaribu kumvisha mwanawe kitu cha kumkinga. Tatizo ni kwamba kinga ile ile ilimziba mdomo.

Tumebishana sana ndani ya familia, na tulichokipata si kanuni bali ni desturi ya kuuliza. Kila jambo tunalotaka kumfundisha, tunaliuliza kwanza: hili ni la nani? Kusimama ukingoni mwa barabara ni lake. Kutoshika sufuria jikoni ni lake. Kwenda chooni, kusema jina lake na la baba yake, kuonyesha panapouma, hayo yake. Hayo tunamfundisha hata akilia, kwa subira, bila kumshika kidevu. Kututazama machoni tunapoongea? Hilo letu. Kuacha kupunga mikono akifurahi? Letu hilo, tena la aibu zetu. Kula wali uliogusana na mchuzi? Letu. Shikamoo iko katikati, na ndiyo maana inatuumiza kichwa. Nusu yake ni usalama wake, nusu yake ni sifa yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya salamu yenyewe, mimi niliyeitamka maelfu ya mara bila kuifikiria. Wazee hutuambia asili yake ni kushika miguu ya mkubwa. Mdogo anainama. Sawa. Lakini shikamoo haijawahi kusimama peke yake. Inadai marahaba, na marahaba ni neno la kupokea, la kumkaribisha aliyeinama. Mkubwa asiyeitikia shikamoo tunamwita mtu wa ajabu, na tunasema amemvunjia mtoto heshima. Maana yake tunajua, ingawa hatusemi, kwamba heshima ina pande mbili. Mdogo anadaiwa na mkubwa anadaiwa. Ila deni la mdogo tumeliandika ukutani na la mkubwa tumeliacha kwenye hisani.

Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika hoja inayokaribiana na hii. Alisema kushindwa kuelewana kati ya mtu mwenye usonji na asiye nao ni tatizo la pande mbili. Tumezoea kusema wao hawatuelewi, hawasomi nyuso zetu, hawajui tunajisikiaje. Na sisi je? Tunasoma nyuso zao? Mpwa wangu alipiga kelele ya "niachie" mbele ya watu wazima wanne wenye akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyemwelewa. Siku ile nani alikuwa na upungufu wa kuelewa?

Wasomaji wenzangu wa riwaya, nasi tuna kesi ya kujibu. Mtu mwenye usonji tunayempenda kwenye hadithi huwa amelipa kiingilio. Katika filamu ya Rain Man ya mwaka 1988, Raymond anahesabu karata kichwani kasino nzima ikapigwa butwaa. Katika riwaya ya Mark Haddon ya mwaka 2003, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, Christopher mwenye miaka 15 ni hodari wa hisabati kuliko wakubwa wake. Riwaya ile naipenda, na Haddon hakuahidi kutuandikia kitabu cha tiba. Lakini imetuzoesha vibaya. Nikimtaja mpwa wangu kwa watu waliosoma, swali la pili ni lile lile: "Ana kipaji gani?" Hana. Anapenda magurudumu. Hajui ni siku gani ya wiki ulizaliwa, na kuhesabu anafika kumi na mbili. Mtaani wanamtaka alipe kwa adabu, sisi tunamtaka alipe kwa kipaji. Yule aliyekaa tu pale chini, anatazama mwanga kwenye vyuma vya baiskeli, tuna mahali pa kumweka bila malipo?

Mzee wa bombani, nadhani, alikuwa nalo jibu kabla yetu. Baada ya mambo ya zahanati dada yangu aliacha kumdai mtoto shikamoo, na mtoto akaacha kuisema. Asubuhi wakipita, mtoto kimya, mzee yule husema "marahaba" hivyo hivyo. Haulizi, hanuni, hasubiri. Anaitikia salamu ambayo haikutolewa. Mwanzoni dada alidhani anapigwa kijembe. Sasa amezoea, na mtoto naye siku hizi hupunguza mwendo akifika pale.

Shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, alifanya mambo mawili. La kwanza, kila Jumamosi humpandisha mtoto nyuma ya baiskeli wakapita njia ile ile, maduka yale yale, genge lile lile. Kila mahali anasimama na kusema: huyu mwanangu, haongei sana, honi zinamtisha, akishika kitu chako usimpige, niite nitalipa. Wengine walimcheka. Wengine sasa wakimwona mtoto yuko peke yake wanapiga simu. Tumeanza kuufunza ulimwengu kabla haujamfunza yeye. Ni mtaa mmoja tu, najua. Pale ambapo baiskeli ya shemeji haifiki, hofu ya dada yangu iko pale pale.

La pili, alikata maboksi ya spea vipande vidogo akachora kwa kalamu ya wino mzito: ndoo ya maji, sahani, choo, baiskeli. Kipande cha mwisho kina kiganja kilichofunguka. Hicho ni "imetosha". Wakamfundisha, safari hii bila kashata: ukikitoa hiki, chochote kinachokusumbua kinasimama.

Mtu wa kwanza aliyetolewa kiganja kile ni mama yake. Alikuwa anamwogesha uani, jioni, povu limejaa kichwani. Mtoto akanyoosha mkono hadi kwenye kamba zilipotundikwa zile karata, akachomoa, akampa. Dada aliniambia mkono wake ulitaka kuendelea. Ilibaki kopo moja tu la maji, na povu lingeingia machoni, na yeye ndiye mama. Akasimama. Akaweka kopo chini. Mtoto akakaa na povu lake kwa dakika kadhaa akitazama maji ndooni, kisha akalichukua kopo akajimwagia mwenyewe, vibaya, nusu ikaishia mgongoni.

Si kila mara tunaweza kusimama. Sindano ya pepopunda ingechomwa tu hata angetoa karata ishirini. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "nimekusikia, inauma, tunahesabu hadi tano halafu basi" na kumjibu marahaba. Tunachodaiwa na mtoto huyu si kumtimizia kila anachotaka. Ni kwamba ukishampa mtu neno, umejifunga kulisikia, hata likisemwa dhidi yako. Kama hatuko tayari kwa hilo, tusijisifu kwamba tumemfundisha kuongea.

Karata ya kiganja sasa imechakaa kuliko zote, pembe zimelika, wino umefifia. Shemeji ameshaichora upya mara mbili.